Jinsi ya kumchagulia mtu nyimbo za mapenzi kutoka nchi mbalimbali: mwongozo kamili

Nina kibanda karibu na soko la Majengo hapa Dodoma. Kwa miaka kumi na moja nimekuwa nikiwaingizia watu nyimbo kwenye flashi na memori kadi, na Jumamosi usiku napiga muziki kwenye sendofu na harusi. Haipiti wiki bila mtu kuweka flashi mezani na kuniambia, "Niwekee nyimbo za mapenzi, zozote nzuri." Hilo neno "zozote" ndilo ninalotaka tuliondoe. Wimbo wa mapenzi ukimpa mtu, masikioni mwake anayeimba si mwimbaji tena. Ni wewe.

Niliyajua haya kwa kumliza mtu. Fundi ujenzi mmoja wa Nkuhungu alitaka nyimbo kumi za kumpelekea mkewe, mwalimu aliyepangiwa shule huko Mpwapwa. Nikamwekea "Neria" ya Oliver Mtukudzi wa Zimbabwe, kwa sababu ya ile sauti yenye mkwaruzo na gitaa linalobembeleza. Maneno yake ya Kishona sikuwahi kuyauliza. Kumbe "Neria" ni wimbo wa filamu yenye jina hilo, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, inayomhusu mwanamke aliyefiwa na mumewe kisha shemeji yake akamdhulumu mali. Wimbo unampa pole mjane. Pale shuleni kulikuwa na mwalimu aliyeiona filamu hiyo, naye akaeleza. Usiku ule fundi akapigiwa simu: "Baba watoto, mbona unaniimbia wimbo wa mjane? Kuna nini usichoniambia?" Mama yule alilia kwa hofu ya kweli. Kesho yake fundi alikuja kibandani, hakunigombeza, akakaa kwenye benchi kimya mpaka nikamaliza wateja.

Tangu siku hiyo sitoi wimbo nisioujua unasema nini. Hatua zifuatazo ndizo ninazozifuata mwenyewe, iwe mteja ni kijana wa bodaboda au mkurugenzi kutoka Mtumba, kwenye mji wa serikali. Unachohitaji ni daftari, kalamu, spika za masikioni zisizokoroma, na saa mbili za utulivu.

Hatua ya kwanza: mjue msikilizaji na mahali penzi lilipofika

Kabla ya kuandika jina la wimbo wowote, andika juu ya ukurasa nani atasikiliza na wako hatua gani. "Mapenzi" ni neno moja lenye vyumba vingi. Kuna kijana anayeanza kumtongoza binti na hajui atajibiwaje. Kuna waliokwisha kuposana na mahari inahesabiwa. Kuna ndoa changa ya chumba kimoja cha kupanga Chang'ombe, na kuna wazee waliokaa pamoja miaka thelathini. Kuna anayeomba radhi. Kuna aliyeachwa anayetaka tu wimbo wa kulia naye, na huyo naye mheshimu, usimlazimishie nyimbo za furaha.

Hapa kwetu kuna kundi ambalo sehemu nyingine ni dogo lakini Dodoma ni kubwa sana: walio mbalimbali. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma moja kwa moja, nyumba nyingi zina mguu mmoja huku na mwingine Dar es Salaam. Baba yuko Ihumwa au Kisasa, mama na watoto wako Temeke, wanakutana mwisho wa mwezi. Watu hawa hawahitaji wimbo wa "nakupenda" peke yake. Wanahitaji wimbo unaoijua safari.

Uliza pia nani mwingine atakuwepo wimbo ukilia. Binti anayekaa kwa wazazi Kikuyu atasikiliza mama yake akiwa jikoni. Wimbo unaotaja mambo ya kitandani, hata kwa mafumbo, utamfanya azime simu.

Hatua ya pili: tafuta nyimbo tatu alizokwisha kuzizoea

Usimuulize mtu "unapenda muziki gani?" Atakujibu "aina zote", na jibu hilo halikusaidii kitu. Uliza hivi: ni wimbo gani unaimba wakati unapiga pasi? Upi ukilia kwenye daladala unatamani safari isiishe? Upi unakukumbusha nyumbani kwenu?

Nyimbo tatu zinatosha. Zisikilize wewe mwenyewe na uandike kinachojirudia. Je, zote zina sauti ya kike iliyo juu? Zote gitaa linatangulia kabla ya mwimbaji? Zote ni za polepole? Zote zina kiitikio kinachoitikiwa na watu wengi? Mteja mmoja, mama muuza vitunguu, alinitajia taarabu, kwaya ya kanisani na wimbo wa Saida Karoli. Ukiangalia majina utaona vitu vitatu visivyohusiana. Ukisikiliza utagundua kwamba anachokipenda ni kuitikiana: mmoja anaita, wengi wanajibu. Kuanzia hapo kazi ikawa nyepesi.

Hatua ya tatu: ujue wimbo unasema nini

Hapa nitakaa zaidi, maana hapa ndipo watu wengi wanapojikwaa, hata kwenye nyimbo zilizo katika lugha yetu.

Chukua "Malaika". Fadhili William wa Kenya aliurekodi mapema, ubishi wa nani hasa aliyeutunga haujakwisha, na Miriam Makeba akauimba na Harry Belafonte kwenye albamu yao ya mwaka 1965. Unapigwa kwenye harusi dunia nzima. Lakini yule kijana anayeimba hakuoa! Analia kwamba mali hana, na laiti angekuwa nayo angemwoa huyo malaika. Kwetu Ugogo, ambako mahari ilihesabiwa kwa ng'ombe, kila mzee anauelewa wimbo huo mpaka mifupani. Ukimpelekea binti ambaye mahari yake bado inatafutwa, umesema kweli tupu. Ukiupiga bwana harusi anaingia ukumbini na posa imekwisha kulipwa, umemrudisha kwenye ufukara aliokwisha kuuvuka.

"Sina Makosa" ya Les Wanyika, ya mwishoni mwa miaka ya 1970, ina gitaa tamu kuliko asali ya Manyoni. Wengi wanaitumia kama wimbo wa kubembelezana. Sikiliza tena: ni mwanamume anajitetea mbele ya mwenzake mwenye hasira, akimkumbusha kwamba kila mmoja ana wake nyumbani, sasa chuki ya nini? Wimbo mzuri sana wa kucheza. Kumtumia mkeo, fikiri mara mbili.

Tukienda nje, hali ni ileile. "I Will Always Love You" aliutunga Dolly Parton mwaka 1973, alipokuwa anaachana kikazi na Porter Wagoner, mtangazaji na mwimbaji aliyemwinua kwenye kipindi chake cha televisheni. Whitney Houston akauimba upya mwaka 1992 na ukaenea kote. Jina lake linasema nitakupenda daima, basi maharusi wanaukimbilia. Lakini mwimbaji anaaga. Anaondoka, anamtakia mwenzake heri katika maisha yasiyo na yeye. Nimeuona ukipigwa keki inakatwa, na nimejifunza kumwita bwana harusi pembeni mapema, siku ya maandalizi, nimweleze kwa upole. Wengi wanabadilisha. Mmoja alisema abaki nao kwa sababu ndio uliokuwa unalia siku walipokutana, na nikamwelewa; kumbukumbu yao ina nguvu kuliko maneno.

"He'll Have to Go" ya Jim Reeves, iliyorekodiwa mwaka 1959, wazee wetu wanaipenda kwa ile sauti nzito inayoshuka taratibu. Ni mwanamume aliye kwenye baa, anampigia simu mwanamke aliye na mwanamume mwingine wakati huohuo. "Historia de un amor" ilitungwa na Carlos Eleta Almarán wa Panama mwaka 1955, baada ya kufariki kwa mke wa kaka yake. Ni kilio cha msiba chenye mwendo wa dansi. Na "Mario" ya Franco na TPOK Jazz, ya mwaka 1985, inamsema kijana msomi anayelelewa na mwanamke aliyemzidi umri, huku kijana huyo akimtesa mama wa watu. Hata mitaani kwetu kijana wa namna hiyo tunamwita marioo. Nimewahi kuombwa niiweke kwenye flashi ya zawadi kwa mume. Nilikataa, nikaeleza, mama akanishukuru huku amejifunika mdomo kwa kanga.

Namna ya kupata maana ni hii. Sikiliza wimbo mara tatu. Mara ya kwanza acha sauti ikuchukue. Mara ya pili fuata maneno: tafuta mashairi yake kwenye intaneti, yapitishe kwenye programu ya kutafsiri, lakini usiiamini peke yake, maana inatafsiri neno na kuacha fumbo. Jiulize mambo matatu tu: nani anasema, anamwambia nani, na mwishoni wako pamoja au wameachana? Mara ya tatu sikiliza kama vile wewe ndiye uliyetumiwa. Kama kuna mstari unaokufanya uulize "anamaanisha mimi?" kwa hofu, weka wimbo huo kando.

Kisha tafuta mtu. Dodoma ya leo si ya kukosa mtu. Chuo Kikuu cha Dodoma kina wanafunzi na walimu waliosoma nchi nyingi. Kuna walimu wa Kifaransa, mapadri na masista waliotoka Ulaya, vinyozi na mafundi cherehani waliokulia Kigoma wanaoongea Kilingala kama maji. Mimi huwapelekea zabibu za msimu, nao hunifasiria.

Hatua ya nne: mvushe kwa daraja, usimtupe mtoni

Msikilizaji anakubali muziki wa nchi ngeni pale anaposikia ndani yake kitu cha kwao. Kwa hiyo anza na zile nyimbo tatu za hatua ya pili na utafute jirani yake.

Anayependa taarabu ni tajiri wa madaraja bila kujijua. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, na vikundi vya Unguja vilijifunza upangaji wa vinanda na fidla kutoka Misri. Kwa hiyo mpeleke Misri kwa Umm Kulthum, aliyeimba "Enta Omri" mwaka 1964 kwa muziki wa Mohamed Abdel Wahab. Mwambie jina hilo maana yake ni "wewe ni umri wangu", na utaona uso unabadilika, kwa sababu umri ni umri hata kwetu. Mfundishe kutega sikio: huba, mahaba, shauku, ashiki, yote yalitoka Uarabuni, na mengine yamepita pia kwenye Kiurdu na Kihindi. Mama mmoja wa Kondoa, mpenzi wa taarabu tangu ujana, nilimwekea nyimbo za Lata Mangeshkar wa India. Alikaa kwenye benchi langu akinyoosha kidole kila aliposikia neno analolijua: dunia! wakati! habari! Alihesabu kumi na mbili kabla ya kuondoka. Onyo moja: "Enta Omri" jukwaani inachukua karibu saa nzima. Usiikate vipande. Mpe peke yake, mwambie aisikilize usiku kazi zikiisha.

Anayependa dansi la zamani, la Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro au Marijani Rajab, tayari amesimama mlangoni kwa Wakongo. Rumba ya Kongo iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2021, lakini sisi tulikuwa nayo redioni siku zote. Mpe Tabu Ley, mpe Mbilia Bel. Mfundishe maneno matano ya Kilingala: bolingo ni penzi, motema ni moyo, mwasi ni mwanamke, mobali ni mwanamume, mawa ni huzuni. Kwa maneno hayo matano atajua mara nyingi kama anayeimba anabembeleza au analia. Mweleze pia kwamba wimbo wa rumba una nyumba mbili: mwanzo wa polepole wenye maneno, kisha sebene, magitaa yanapokimbizana. Penzi liko nyumba ya kwanza.

Kutoka Kongo njia inakwenda Kuba, kwa sababu sahani za santuri za Kuba zilifika Afrika ya Kati tangu miaka ya 1930 na kuwafundisha wapiga gitaa. Huko utakuta bolero, nyimbo za polepole za kunong'onezana. "Bésame mucho" ya Consuelo Velázquez wa Meksiko ndiyo ninayoanza nayo: mtu anaomba abusiwe kana kwamba leo ndiyo mara ya mwisho. Tena njia nyingine inakwenda visiwa vya Karibi, Guadeloupe na Martinique, kwa Kassav', kundi lililoanza mwaka 1979 na kutupa zouk. Walio chini ya miaka thelathini wanaipokea zouk haraka, maana Bongo Fleva nyingi za taratibu zimekopa mwendo huo.

Kwa walio mbalimbali nina wimbo mmoja ninaouthamini kuliko yote: "Sodade" wa Cesária Évora, kutoka visiwa vya Cape Verde. Aina ya muziki ni morna. Unauliza ni nani aliyekuonyesha njia hii ndefu, njia ya kwenda São Tomé, kisiwa ambako watu wa Cape Verde walipelekwa kufanya kazi kwenye mashamba ya kakao. Neno lenyewe sodade ni hamu yenye maumivu, kumtamani mtu au mahali palipo mbali. Cesária aliimba peku, bila viatu, kwa sauti isiyopanda wala kuhangaika. Hakuna anayesema "nakupenda" ndani yake. Lakini mpe mtu ambaye kila Jumapili jioni anasindikiza mtu stesheni, kisha mwangalie.

Anayependa kantri, na huku bara ni wengi, hasa watu wazima waliokulia na redio, usimdharau ukamwambia ni muziki wa Wazungu. Don Williams na Kenny Rogers wameozesha watu wengi Kongwa na Singida. Kwa ndoa ya miaka mingi, "Through the Years" ya Kenny Rogers ndiyo yenyewe: mtu anaangalia nyuma na kusema hajutii. Daraja la hapo ni kwenda kwa waimbaji wa Kiafrika wanaosimulia kwa gitaa taratibu, kama Mtukudzi, sasa ukichagua wimbo wake kwa kujua.

Rege ni rahisi. Bob Marley ana "Waiting in Vain" ya mwaka 1977 kwa anayesubiri jibu, na "Is This Love" ya mwaka 1978, ambamo anamwahidi mpenzi kwamba watagawana kitanda kimoja chembamba chini ya dari moja. Wape huo vijana wa chumba kimoja. Ukitoka hapo nenda London ya miaka ya 1970, ambako vijana wenye asili ya Karibi waliibua rege laini ya mapenzi, ile wanayoiita lovers rock.

Anayependa Bongo Fleva avushwe kwa lugha kwanza: Sauti Sol wa Kenya na "Sura Yako" ya mwaka 2014 hahitaji mfasiri. Baada ya hapo Nigeria, kwa 2Face Idibia na "African Queen" ya mwaka 2004.

Na daraja ambalo nimeliweka mwisho kwa sababu nalipenda ni la hapahapa. Mtu aliyekulia Chamwino, Bahi au Mvumi ana ilimba na zeze masikioni. Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alivibeba vyombo hivyo hadi majukwaa ya Ulaya. Ukimchukua mzee wa Kigogo ukamwekea mbira ya Zimbabwe, atakuambia "hii si ilimba?" Ni ndugu yake kweli, vyuma juu ya ubao. Ukimwekea masenqo ya Ethiopia, atasikia zeze. Hapo ndipo ninapoingiza tizita, nyimbo za Waethiopia za kukumbuka penzi lililopita. Neno lenyewe ni kumbukumbu, na Mahmoud Ahmed anaziimba mpaka unasahau kwamba huelewi neno. Kisha Mali, kwa Oumou Sangaré na "Diaraby Nene", ambamo mwanamke anaimba waziwazi kuhusu mtetemeko anaopata kwa sababu ya mpenzi. Babu mmoja wa Chilonwa alisikiliza hizo tatu mfululizo, akaniuliza kama watu hao wanafuga ng'ombe. Nilipomwambia wanafuga, aliitikia kwa kichwa, akaniomba nirudie ya Ethiopia.

Hatua ya tano: panga, na usizidishe

Nyimbo kumi na mbili. Flashi yenye nyimbo mia tatu haimwambii mtu chochote, ataruka-ruka, hatakaa. Kumi na mbili zinachukua kama saa moja, na treni ya SGR kutoka hapa hadi Dar es Salaam inachukua takriban saa tatu na nusu, kwa hiyo msafiri anaweza kuzirudia mara tatu kabla hajafika. Wimbo wa mapenzi unaingia kwenye kurudia.

Kwa kila nyimbo mbili za lugha ngeni weka moja ya Kiswahili, ili apumzike. Usifuatanishe nyimbo mbili za huzuni. Wimbo wenye uzito kuliko yote weka wa saba au wa nane, si wa kwanza. Mtu hafunguliwi moyo akiwa bado anatafuta siti.

Mwaka jana nilimpangia mtumishi mmoja wa Mtumba, mkewe muuguzi yuko Dar es Salaam. Mke anapenda dansi la zamani na nyimbo za Kenny Rogers. Nikaanza na Marijani Rajab, nikaenda kwa Mbilia Bel, nikaweka "Bésame mucho", nikarudi nyumbani kwa "Sura Yako", nikaweka Kassav', kisha Sikinde, na wa saba "Sodade". Baada yake sikuweka huzuni tena: "Is This Love", "African Queen", dansi jingine la nyumbani, "Through the Years", na nikamalizia na wimbo alioutaja mume mwenyewe, waliouimba kwaya pamoja wakiwa wachumba. Huo wa mwisho haukuwa wa mapenzi kabisa. Ulikuwa wa Pasaka. Lakini ulikuwa wao.

Hatua ya sita: mkabidhi kwa maneno yako

Wimbo wa lugha ngeni usiuache uende peke yake. Andika mistari miwili, kwa mkono au kwenye ujumbe wa simu: unatoka wapi, unasema nini, na kwa nini umemkumbuka. Huyo mtumishi aliandika hivi kwa wimbo wa saba: "Huu ni wa watu wa visiwani waliokwenda kazini mbali. Anauliza nani alimwonyesha mwenzake njia hii ndefu. Nikipita Morogoro gizani nauliza hivyohivyo." Mimi sikumsaidia neno hata moja.

Kwenye mambo ya ufundi: chagua faili zito lenye sauti safi, maana lililorudufiwa mara nyingi linakwaruza kwenye spika za masikioni. Badilisha majina ya mafaili yaanze na 01, 02, 03, la sivyo redio ya gari itayapanga kwa alfabeti na mpangilio wako wote utapotea. Mwenye simu ya kisasa na bando namwonyesha jinsi ya kuzisikiliza kwenye programu zinazomlipa msanii. Haki yake ni haki yake, hata akiwa Cape Verde.

Hatua ya saba: kama ni ya sherehe

Ukumbini sheria zinabadilika, kwa sababu wanaosikiliza ni wakwe, mashangazi, watoto na mchungaji. Kaa na mshereheshaji siku tatu kabla, mpitie orodha pamoja. Mlango wa maharusi unahitaji wimbo unaotembea. "Vul'indlela" ya Brenda Fassie wa Afrika Kusini haijawahi kuniangusha: ni mzazi anayewaambia wambeya wapishe njia, mwanawe anaoa leo. Nikimweleza mama wa bwana harusi maana yake, huingia akiwa mbele ya wote huku kitambaa kiko hewani. Kwa upande wa bibi harusi, hasa kama ni mtoto wa kwanza wa kike, "Ada Ada" ya Flavour wa Nigeria inafaa, kwani Ada kwa Waigbo ndiye binti wa kwanza.

Zima spika akina mama wakileta ngoma. Muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, ukianza, ngoma zikiwa zimebanwa magotini na wanawake wanaojua wanachofanya, hakuna wimbo wa nchi yoyote unaoshindana nao, na usijaribu.

Hatua ya nane: rudi uulize

Baada ya wiki mbili uliza swali moja tu: upi umerudia? Usiulize "umependa?", maana kila mtu hujibu ndiyo kwa adabu. Wimbo uliorudiwa ndio wa kwanza kwenye orodha inayofuata, na majirani zake ndio wanaoufuata.

Yule mtumishi wa Mtumba alirudi mwisho wa mwezi, Ijumaa jioni, begi mgongoni, akielekea stesheni. Alisema mkewe amerudia ule wa saba mpaka mtoto wao wa miaka minne anaimba "São Tomé" akioga. Mama mtu anauliza kama yule mwanamke asiyevaa viatu ana nyimbo nyingine. Nikachukua flashi, nikafungua daftari, na juu ya ukurasa mpya nikaandika: Cape Verde.